Pindo la Sunta

Kabla Sunta hajajua kuhesabu, alijua nani anapita ukumbini kwa kusikia mlio wa pindo lake. Katika nyumba yao ndefu, vyumba vingi chini ya paa moja na ukumbi mmoja mbele ya milango yote, kila mwanamke alikuwa na sketi ya sikukuu iliyoshonewa sarafu kuzunguka pindo, na hakuna sketi mbili zilizolia sawa. Ya Mama Sunta ililia kwa majivuno, kama mwenyewe. Ya Sunta, aliyoachiwa na bibi yake, ililia kwa aibu, maana bibi alikuwa fukara na pindo lilikuwa na mapengo mengi kuliko sarafu.

Hata hivyo chache zilizokuwapo zilikuwa na mambo yake. Za mbele kabisa zilikuwa shaba za Raja, yule Mzungu aliyejifanya mfalme wa mito yote ya nchi yao, Sarawak. Zilitoka kiwandani zikiwa na tundu katikati, na bibi alikuwa akisema hizo ndizo pesa pekee alizowahi kuona zilizotengenezwa na mtu mwenye akili. Zikafuata fedha ndogo zenye sura ya mrithi wake. Mjapani, aliyeingia wakati wa vita, hakuacha kitu pindoni, kwa kuwa alileta pesa za karatasi. Mwishoni akaja Malkia wa Uingereza na taji lake, lakini alikaa peke yake, kwani bibi hakuwa na uwezo wa kumtafutia wenzake.

Gelau wa chumba cha mwisho alimpenda Sunta tangu wakifukuza ndege pamoja kwenye mpunga, na Sunta hakujisumbua kuficha kwamba naye anampenda. Mwenye neno alikuwa Mama Sunta. Kwa watu wa mto ule, kijana hajawa mtu mpaka aende kufanya kazi mbali, arudi na kitu cha kuonekana.

"Mimi simkatai mtoto wa mtu," alisema. "Aende, aniletee upatu wa shaba wa kupigwa sikukuu, nami popoo ya ndoa nitaipasua kwa mkono wangu. Akirudi mikono mitupu, mlango wangu aupite moja kwa moja mpaka kwa mama yake."

Gelau akaenda kukata magogo kwenye kambi moja ya mbali sana, huko mito inakoanzia. Mshahara ulikuwa wa noti, na Gelau na noti walikuwa hawaivi chungu kimoja. Baba yake alikuwa ameweka kasha zima la noti za Mjapani, zenye picha ya mgomba, na siku Mjapani aliposhindwa vita kasha lile likawa la kusokotea tumbaku. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila alipolipwa, Gelau alibadilisha karatasi zote kuwa sarafu, akazitia katika debe la biskuti chini ya kitanda. Aliwaambia wenzake kwamba karatasi hufa, chuma hakifi.

Ni kweli, chuma hakikufa. Lakini huku nyuma serikali mpya ilitoa pesa yake yenyewe, ikawapa watu muda wa kurudisha za Malkia, muda ukaisha, na kule kambini ama hakuna aliyemwambia Gelau, ama aliambiwa akadhani anataniwa. Mimi namjua, naona alidhani anataniwa.

Alipofika kwa tauke Bong, tajiri wa Kichina mwenye duka pale mito miwili inapokutana, alimwaga debe lote mezani akaomba upatu mkubwa kuliko zote. Tauke alizitazama zile sarafu, kisha akaenda ndani akarudi na chai. Hapo Gelau akajua kuna msiba, kwa sababu tauke Bong hakuwa mtu wa kutoa chai bure.

"Huyu mama alikuwa mteja wangu mzuri," tauke alimwambia, akigonga uso wa Malkia kwa kucha. "Siku hizi simpi hata kiberiti."

Habari zilipanda mto kwa mashua ya injini. Gelau alipanda kwa kasia. Alipofika nyumbani, ukumbi mzima ulikuwa umeshacheka ukachoka, ukawa unajiandaa kuanza upya. Alipanda ngazi ya gogo na debe begani, juu ya michoro mipya ya msafiri aliyochanjwa ngozini, na kila hatua debe likalia.

"Nimezoea kusikia debe tupu likivuma," Mama Sunta alisema. "Debe tele lisilo na kitu ndiyo kwanza naliona."

Gelau alimpita. Alilitua debe miguuni kwa Sunta, na Sunta akaona jinsi viganja vyake vilivyochubuka.

"Hazinunui kitu," alimwambia. "Nimekuletea tu ujue sikulala."

Akaongeza kwamba baada ya sikukuu ya mavuno atarudi kambini kuanza upya. Sunta moyo ulimwuma, tena ulimwuma zaidi kwa kuwa mama yake alikwisha kumwalika Mama Tambong wa kule mto unakoshukia, mwenye mwana mwenye injini ya mashua, aje sikukuuni amwone msichana. Gelau akishaondoka, lingekuwa limepita.

Siku hizo Sunta alikuwa akilinda mpunga kwenye kibanda cha shambani. Akalibeba debe, akachukua na keekee ya baba yake, akaketi mlangoni. Sasa, sarafu ikishatobolewa si pesa tena, ni pambo, na hakuna duka linaloipokea. Ndiyo maana wanawake wa mto ule hutoboa kwa kusitasita, wakiwaza chumvi na sabuni wanayoitoboa. Sunta hakusitasita. Zilikuwa zimekwisha kufa, na kwa hiyo aliweza kufanya ambalo hata mke wa mkuu wa nyumba hajawahi kuliweza: alitoboa debe zima.

Baba yake alimkuta katikati ya kazi. Alitazama Malkia walivyopangwa mkekani, akakuna kichwa.

"Mama yako atatuua," alisema, kisha akaketi akaanza kumshikia sarafu.

Siku ya sikukuu wageni walijaa ukumbini, pombe ya mchele ikazunguka, kuku aliyepikwa ndani ya mianzi akapakuliwa. Mama Tambong aliketishwa kwenye mkeka mzuri, karibu na Mama Sunta. Gelau alikuwa chumbani kwao anafunga mzigo. Mlango ukafunguliwa, Sunta akatoka.

Walimsikia kabla hawajamwona. Safu tatu za sarafu, kutoka gotini kushuka, na kila alipokanyaga ukumbi mzima ulipata sauti kama mvua ya mawe juu ya bati. Mpiga upatu alipoteza mdundo, akaacha kupiga. Sunta akaendelea kucheza bila ngoma, maana ngoma alikuwa ameivaa. Kule mwisho wa ukumbi Gelau alitoka na kamba ya mzigo mkononi, akasimama hapo akilia na kucheka kwa pamoja.

Mama Tambong aliinama kulitazama pindo.

"Mama Sunta, pindo zima? Kwetu mtu akitoboa kumi anakosa usingizi. Nani mwenye pesa za kuchezea hivyo?"

Mama Sunta alijua fika ni pesa gani zile. Aliinua kikombe, akanywa taratibu, akakitua.

"Za mkwe wangu," alisema. "Yule pale mwenye kamba. Kwake hizo ndizo za kutoboa."

Popoo ilipasuliwa kesho yake asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe kama alivyoahidi. Gelau, mtu asiyejua uongo, alifungua kinywa ili aeleze ukweli wa zile sarafu mbele ya wageni. Mama mkwe akamwambia anyamaze, atafune popoo.

Upatu waliununua baadaye sana, na hauna sauti ya kusifiwa. Sunta sasa ni bibi, na kila serikali inapotoa sarafu mpya Gelau humletea moja, naye huichukua keekee hata kabla ya kuuliza inanunua nini. Wajukuu, ambao hulipa kwa simu, humwambia anaharibu pesa nzima.

"Babu yenu hakuingia mlango huu kwa pesa nzima," huwajibu, akizungusha keekee.