Somo la Barafu Nyumbani kwa Shemeji

Huku kwetu baba hana kauli ya mwisho juu ya mtoto wake. Kauli ni ya mjomba. Baba anampeleka mtoto hospitali, anamnunulia madaftari, anagombana na mwalimu wa hesabu. Lakini likija jambo kubwa, la ndoa au la safari, unampelekea kaka wa mkeo, kisha unakaa pembeni kama mwombaji.

Jambo letu lilikuwa barafu. Binti yangu alipata nafasi ya kusoma katika nchi ya baridi, na masomo yenyewe ni kutembea juu ya barafuto, yaani ule mto wa barafu unaoteremka mlimani, akipima unavyosogea. Mjomba wake analima korosho Mnyambe, na barafu anayoijua ni ile ya kwenye mfuko wa plastiki inayouzwa sokoni Newala. Mimi nafundisha jiografia Lisekese. Ikaamuliwa, bila mimi kuulizwa, kwamba nitakwenda kumweleza.

Sikutaka aende. Ni mtoto wangu wa pekee na nilikuwa naogopa, basi. Nikapanga kumwambia shemeji ukweli wote, hasa ule wa kutisha, ili yeye akatae na mimi nibaki mtu mwema.

Nilikwenda na binti yangu, tukamkuta kwenye kibanda anachohifadhia korosho. Nikamwamkia, shikamoo shemeji, akaitikia marahaba na kututandikia mkeka. Binti yangu akakaa upande wa mjomba wake, kama inavyostahili. Nikaambiwa nianze.

Nikaanza na theluji. Inaanguka, haimalizi kuyeyuka, na mwaka unaofuata nyingine inaanguka juu yake. Ya chini inaelemewa, hewa inakamuliwa, chembe zinashikana mpaka inakuwa barafu ngumu. Ikishakuwa nene sana inaanza kuteremka kwa uzito wake yenyewe, polepole, hata ukisimama kuitazama huoni kitu. Shemeji akauliza nani anaisukuma. Nikamwonyesha magunia yake ya korosho: ya chini yamebonyea, rundo zima limeinamia mlangoni, na hakuna aliyeligusa. Akasema yeye amelikingia gogo. Huko wameweka nini? Nikamwambia hawajaweka kitu. Akaonekana kuwasikitikia.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumtisha. Shida yangu ni kwamba siwezi kufundisha vibaya. Nikaeleza maji yanayopita chini ya barafu na kuitelezesha, jinsi katikati inavyokwenda haraka kuliko kingoni, na mawe inayoyabeba yanavyokwangua mwamba. Shemeji akavua kofia. Alitaka kujua kama maji yote hayo yana mwenyewe, maana Newala watu wanapanga ndoo foleni tangu alfajiri. Nilikuwa nimenogewa. Hata nyufa, ambazo ndizo silaha niliyokuja nayo, nilizieleza kwa utamu: barafu ikipita juu ya mwinuko inapasuka, theluji mpya inafunika mdomo wa ufa, na mtu haoni anapokanyaga.

"Sasa wanapitaje?" shemeji aliuliza.

"Wanafungana kamba."

"Akitumbukia mmoja?"

"Wenzake wanamvuta."

Akaitikia kwa kichwa. Alisema watu wanaofungana kamba hawawezi kuwa wahuni, na kwamba mtoto atakuwa na watu wake huko. Nikajua nimeshindwa.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mjomba yeyote wa ukoo ule akilifanya. Alinigeukia.

"Na wewe baba yake, unataka aende?"

Miaka yote ya ndoa yangu sijaulizwa swali la namna hiyo. Nilijibu kabla sijafikiri.

"Sitaki."

"Basi haendi," alisema shemeji.

Ndilo neno nililolifuata kutoka Lisekese.  Binti yangu alianza kukunja pindo la khanga yake, taratibu, kama mtu aliyebakiwa na kazi hiyo tu. Moyo uliniuma kuliko woga wote niliokuja nao. Nikatoka upande wangu wa mkeka, nikapiga magoti mbele ya shemeji, nikamwomba amruhusu mwanangu aende mahali nisipotaka aende.