Mtani Alinilia Msiba Nikiwa Hai

Mwaka 1974 nilililiwa msiba nikiwa hai. Mke wangu mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijui hata kidonge. Nimetoka Dar kwa treni, nimebanwa kwenye kiti mpaka mguu umevimba. Nikashuka Tabora, moja kwa moja kijiji chetu cha Ujamaa, njia ya Kwihara. Zamu ya shamba haikuwa na msamaha.

Nikakaza pumzi, nikainua gunia la karanga. Hapohapo mkono wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukaenda upande.

Mbele yangu yuko Masolwa, Msukuma wa Igunga. Sisi Wanyamwezi ni watani wao, na mtani hana simile. Akadhani namkejeli, naye akapinda wake.

Nikaanguka. Naye akajiangusha.

Shamba zima kicheko.

"Mfaume katutoka," akalia kilio cha uongo. "Baiskeli nachukua mimi. Mwanne nitamfikiria."

"Nichukue tu, huyu anakoroma," mke wangu akajibu.

Nataka kusema nipelekeni hospitali, yanatoka mate. Niliogopa, wakuu, nisiwadanganye.

Masolwa akanifinya unyayo. Mguu haukushtuka. Akafinya tena.

"Mwanne," akasema taratibu, "huyu hatanii."

Wakanifunga kwenye baiskeli kwa kamba. Hospitali presha nzuri, sukari nzuri. Daktari akaandika kiharusi, chanzo hakijulikani.

Ndugu zangu wa Isevya chanzo walikijua: Msukuma kamroga. Nami nikaamini, nikalitangaza kila mahali. Nilipopona nikamnyima salamu miaka thelathini na minane.

Mpaka 2012, daktari mmoja Dar akanipima moyo. Akasema moyo una tundu katikati, la tangu tumboni mwa mama, halikuziba. Mtu mmoja kati ya wanne analo, wengi haliwadhuru. Langu huenda ndilo lililopitisha damu iliyogandia mguuni, ikapanda kichwani.

Nikapanda basi hadi Igunga kuomba radhi. Kwa Masolwa nikakuta foleni ya watu uani. Nikamsimulia habari ya tundu, nikamwuliza hawa ni nani.

"Wagonjwa," akaninong'oneza. "Ulivyotangaza nimekuroga, watu wakaniogopa, kisha wakaanza kuleta kuku. Hilo tundu lako usiliseme hapa, mtani, nitakula nini?"

Nilicheka, nikalia.

Kisha nikamwona mama mmoja kwenye foleni, mdomo umekwenda upande. Tangu asubuhi, binti yake akasema. Walikuwa namba tisa.

Nikamtazama Masolwa. Akavua kilemba chake cha uganga, akatoa baiskeli.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakigoma, kimbilia hospitali saa hiyohiyo. Chanzo mtabishana mkiwa njiani.