Pazia la Otieno

Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa binti yake. Alipokuja kututembelea, mke wangu akaniambia mama yake amepata kitanda kwa rafiki yake. Mimi, mchunguzi wa kila jambo, sikuuliza rafiki yupi.

Jioni nikaenda mtaa wa Gatwekera kwa Otieno na mkewe, kupumzisha masikio. Nikamweleza Otieno kwa utaratibu jinsi mama huyo anavyonikosoa mbele ya watoto. Akakohoa. Nikamshauri anywe tangawizi. Akakohoa tena, macho yakiwa kwenye pazia linalogawa chumba chao.

“Pole, jamaa,” nikasema, “lakini bado sijafika kwenye maombi yake. Ugali hupoa akiwa bado anashukuru!”

Nyuma ya pazia kitanda kikalia.

“Malizia tu, Baba Akinyi. Leo nikiomba, nitajua pa kuanzia.”