Ngoma Zilizoota Moto kwa Mama Bhajia

Nilikwenda Diani kwa sababu wifi yangu alijifungua. Yeye ndiye mpiga upatu, lile sinia la shaba linaloshika mwendo, katika kikundi cha sengenya, ngoma yetu ya Kidigo, cha kaka yangu Hamisi. Alijifungua Jumanne, na tamasha la muziki lilikuwa Jumamosi. Kaka alinijia dukani hapa Gazi, akanitazama kama mtu anayechagua nazi ya mwisho gengeni, akasema, "Wewe utafaa."

Hali ya kikundi chetu mnaijua. Miaka yote tunaitwa kupokea wageni: tunapiga kando ya barabara, mheshimiwa anapita akipunga mkono, basi. Mara hii tulipewa jukwaa lenyewe. Kaka alikuwa ameapa kwamba na huko tukipuuzwa, anaacha kabisa, na ngoma anazigeuza mizinga ya nyuki. Kaka si mtu wa mzaha. Nilifanya mazoezi siku tatu mpaka mbuzi wa jirani wakahama kivuli.

Saa tano asubuhi tuliondoka Gazi, watu tisa na ngoma nne nyuma ya pikapu. Nilipiga upatu njia nzima nisije nikasahau. Tulipofika Mwabungo, Mzee Bakari, mpiga zumari wetu, aliniomba kwa adabu niukalie.

Saa sita, Diani. Uwanja ulikuwa na nyasi zilizomwagiliwa maji kuliko shamba langu. Jua lilikuwa kali, lakini vijana kutoka Nairobi walivaa kofia za sufu. Mzungu mmoja alijifunga doti nzima ya leso kichwani. Wengine walimpa mwimbaji mgongo, wapate kujipiga picha naye. Nilicheka mpaka kaka akanikanyaga.

Saa nane kasorobo tukazigusa ngoma. Upepo wa bahari ulikuwa umelegeza ngozi, na ngoma yenye unyevu hailii, inakohoa tu. Dawa yake kwetu kila mtu anaijua: makuti makavu, moto kidogo, ngozi inakaza. Tukawasha makuti pale pale nyuma ya jukwaa, kama tunavyowasha arusini. Hatukujua kwamba kuna wa kuulizwa. Mlinzi akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto, akazima makuti, akazima ngoma, akamzima na Mzee Bakari. Mzee alitoka kwenye lile vumbi mweupe pe, kama samaki aliyepakwa unga.

"Shikamoo, mzee," mlinzi alisema kwa aibu.

"Marahaba," akajibu, akapiga chafya.

Zilibaki dakika thelathini zamu yetu ifike. Kijana wa mitambo akaja kutufariji. "Msijali wazee, nyinyi gongeni tu, mimi nitaongeza volyumu."

"Mwanangu," kaka akamwambia, "ngoma iliyolala huiamshi kwa waya."

Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Nilijua moyo umemwanguka, na mimi nikataka kulia.

Kisha nikasikia harufu ya bhajia. Chini ya mti wa mkungu palikuwa na kibanda cha Mama Kioko, Mkamba anayekaa Ukunda, na jiko lake la makaa lilikuwa pana kama meza. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamsalimu, nikamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, maana kwetu huombi kitu kabla ya kujuliana hali. Ndipo nikamwambia, "Naomba jiko lako kidogo."

"Upike nini?"

"Ngoma."

Alinitazama, akaitazama foleni. "Hawa watanikula mimi."

"Tutawatuliza sisi."

Akaepua karai.

Tukazipanga ngoma kulizunguka jiko. Kaka alizigusa kwa kidole, akazigeuza. "Bado." Foleni ikanung'unika. "Bado." Kisha ngoma ya kwanza ikalia, kavu na safi, na bwana wa mbele kwenye foleni akatikisa bega. Ya pili ikaitika. Mzee Bakari akapuliza zumari, unga ukaruka, nikadaka upatu. Mama Kioko akagonga karai kwa kijiko cha kuepulia. Foleni ikajikunja ikawa duara, kofia za sufu zikavuliwa, na yule mwenye leso akajifunga kiunoni, mahali pake. Nilipogeuka, mbele ya jukwaa alibaki mlinzi peke yake.

"Kikundi cha sengenya, jukwaani tafadhali," spika ikaita.

Kaka akasita. Jukwaa hilo alilitamani miaka yote. Akatazama duara zima: hakuna aliyempa mgongo. Akafumba macho, akapiga.

Spika iliita mara tatu. Kisha kijana wa mitambo akaja akihema, akikokota nyaya begani. "Mzee, nimekuletea maikrofoni."

"Iweke chini," kaka akasema, "ucheze."

Saa kumi na moja tulirudi, ngoma zikinuka bhajia. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Kaka alikaa mbele na dereva mpaka Gazi. Hapo akashuka, akazifunika ngoma kwa turubai, moja moja, taratibu.

"Kesho baada ya alasiri, mazoezi," alisema. "Na wewe dada, upatu wako ulichelewa mara mbili."

"Nilikuwa nacheka, kaka."

"Utajifunza kucheka ndani ya mdundo."

Hilo ndilo ninalojifunza sasa, kila alasiri. Kwa hiyo, jamani, dukani kwangu mje asubuhi.