Maji Yaliyochemshwa kwa Kipaza Sauti

Mimi kazi yangu ni hema na viti. Ukizika mtu kati ya Kisumu na Nyakach, huenda waliomlilia wamekalia viti vyangu. Nilianza Obunga nikisukuma mkokoteni wa viti vya kuazima. Leo nina stoo Nyamasaria, pikapu, spika na jenereta. Shule niliacha darasa la tatu. Bado sijaona mahali ambapo darasa la nne lingenisaidia.

Nasema hivi ili ijulikane nani alimsomesha binti yangu wa mwisho mpaka akaingia chuo kikuu kutafuta digrii ya pili, mambo ya afya ya jamii. Alibaki na utafiti tu. Alitaka kujua watu wa kwetu, upande wa Pap Onditi, wanayafanyia nini maji kabla ya kuyanywa. Chuoni kuna ofisi nyuma ya maktaba ambayo husaidia wanafunzi kupanga utafiti na kuchambua data. Hawalipishi, na kwa sababu hiyo niliishuku tangu mwanzo. Walikuwa wamempangia kazi: aingie nyumba moja, aruke kadhaa, aingie nyingine, amuulize mtu mmoja akiwa peke yake.

"Utatembea kwa miguu?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Kwenye matope haya meusi?"

"Nina buti."

Mtoto wangu hawezi kugonga milango ya watu kama muuza sabuni wakati mimi nina hema. Jumamosi, kabla hajafika nyumbani, nilisimamisha hema kubwa uani, nikapanga viti, nikafunga spika, nikapitisha pikapu kijijini nikitangaza. Watu wakaja wengi. Mama wa kwanza alikuja akilia. Tulipomwambia hakuna aliyekufa alikasirika kidogo, halafu akakaa.

Binti yangu aliteremka kwenye pikipiki, akalitazama hema, akaniita kando.

"Baba, hivi sivyo ilivyopangwa."

"Watu wameshakaa," nikamwambia.

Kwetu watu wakishakaa, huwaambii waende nyumbani. Akatoa kalamu.

Desturi ni kwamba mwenye boma ndiye anayefungua mazungumzo. Nikashika kipaza sauti nikasema hapa kwangu maji yanachemshwa, choo kipo, na mikono inaoshwa kwa sabuni. Ni kweli. Mke wangu nilimwagiza tangu tuoane. Mara moja nililalamika kwamba maji yana ladha ya moshi, na tangu siku hiyo hayajawahi kuwa na moshi tena. Ni mwanamke anayejua kurekebisha mambo.

Nikampa jirani kipaza sauti. Akasimama, akavua kofia. "Mimi nasimama na maneno ya Jaduong'," akasema, maana yake mzee, yaani mimi. Akakaa. Aliyefuata akasema mzee ameongea yote, yeye hana la kuongeza. Yule mama aliyekuja akilia akasema yeye huchemsha mara mbili, watu wakampigia makofi. Chai ilipoiva, kijiji kizima kilikuwa kimechemsha maji. Binti yangu aliandika yote bila kuinua kichwa. Niliona nimemwondolea kazi kubwa.

Siku chache baadaye akaja stoo, akakaa juu ya rundo la viti.

"Baba, ofisi imezikataa data zangu."

Akanieleza. Kama hatawasilisha kitabu chake cha utafiti kabla ya muhula kuisha, atakosa kuvaa joho, angoje mwaka mwingine. Sasa mimi nilikuwa nimetangaza kanisani, nimewaambia wakwe, na ng'ombe wa kuchinja nilikuwa nimeshaacha kumfanyisha kazi. Nikavaa koti, nikaenda naye.

Ndani ya ofisi kulikuwa na mwanamke kijana mwenye miwani, mtaalamu wa takwimu. Alinisalimia kwa heshima na kunipa kiti. Kiti kilikuwa kibovu, mguu mmoja unalia. Nikamwambia.

"Pole, Mzee. Bajeti." Akageuza kompyuta nione. "Hii ndiyo hali ya maji kwenu."

Kulikuwa na mnara mmoja mrefu wa buluu, na pembeni yake hakuna kitu.

"Ni mzuri," nikasema.

"Mzuri mno. Wote wamejibu sawa. Nataka kulinganisha wanaochemsha na wasiochemsha, na asiyechemsha sina hata mmoja."

"Basi utafiti umefaulu. Hakuna shida ya maji."

Akamgeukia binti yangu. "Nyumba ulizichaguaje?"

Binti akatazama sakafu. "Hazikuchaguliwa. Zilikuja."

"Zilikuja wapi?"

"Kwa hema," nikasema.

"Hema la nani, Mzee?"

"Langu."

"Na watu waliulizwa mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja kabisa. Kwa kipaza sauti."

Alivua miwani akatazama dari. Nilidhani anapiga hesabu. Nikaona nimsaidie. "Wewe kompyuta unayo. Hamisha watu kadhaa, waweke upande wa kutochemsha, mtoto amalize."

"Naweza, Mzee. Kompyuta haina aibu. Mimi ninayo."

Na binti yangu, ambaye hajawahi kunijibu mbele ya watu, akasema, "Baba, akiwahamisha, hiyo digrii itakuwa ya kompyuta. Mimi sitaivalia joho."

Nikatazama mguu wa kiti.

Wakapanga upya. Yule mwanamke akasema kosa la kwanza ni swali lenyewe: ukiwa mgeni ukamuuliza mwenyeji kama anachemsha maji, atakupa jibu la kumpa mgeni. Afadhali uombe maji ya kunywa. Yakishaletwa ndipo uulize yametoka wapi na yamefanyiwa nini. Uangalie na mtungi. Usimwambie mtu kwamba amekosea.

"Na Mzee asiwepo," akamalizia.

"Pale ni kwangu."

"Ndiyo maana, Mzee."

Nilikuwa na jibu, lakini kila nikijisogeza kiti kinalia, na mtu hawezi kubishana namna hiyo.

Muhula ulikuwa unakaribia kuisha. Kila asubuhi nilimpeleka mpaka soko la Pap Onditi, akashuka na buti zake, nami nikabaki kwenye pikapu. Jioni alirudi na matope hadi magotini. Akina mama wauza mboga walinijia.

"Baba, nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa mbona gari liko hapa?"

"Nangoja mtoto."

Hawakuamini. Mmoja aliniambia pole.

Tuliporudi ofisini nilibeba kiti changu kutoka stoo, kizuri, cha kuegemea. Yule mwanamke alikitazama. Akabonyeza kompyuta. Safari hii minara ilikuwa kadhaa, mirefu na mifupi.

"Huu mfupi ni nini?" nikauliza.

"Ni wale wanaochemsha."

Nilikumbuka wote waliosimama na maneno yangu. Wasingetoshea humo.

"Yule mama wa kuchemsha mara mbili yuko wapi?"

"Majibu ya mtu ni siri, Mzee."

"Hawa wamemdanganya mtoto."

"Walimdanganya mara moja," akasema. "Si safari hii." Akamwonyesha binti yangu mahali pa kuanza kuandika, na binti yangu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya hema.

Nikamuuliza, "Kwangu uliingia?"

"Hesabu ya kuruka nyumba iliangukia kwetu, Baba."

"Nani alijibu?"

Akafunga begi.

Aliwasilisha kabla ya muhula kuisha, wakamkubalia, akavaa joho. Kile kiti nilikiacha pale ofisini. Sikusema ni zawadi. Nilisema kimenichosha kubeba.

Sherehe tulifanyia nyumbani, chini ya hema lile lile. Ng'ombe alichinjwa. Nilifungua kwa maneno, na waliofuata wakasimama na maneno yangu, mmoja baada ya mwingine, wakitafuna. Nikawatazama. Nikachukua tena kipaza sauti ili niwaulize pale pale, wanyooshe mikono, nani hasa anachemsha. Nilifika "Sasa nataka kila mtu," na binti yangu akaja na joho lake, akakitoa kipaza sauti mkononi mwangu taratibu, akawaambia watu chakula kiko tayari. Wakapiga makofi kuliko walivyonipigia mimi.

Nikakaa. Mke wangu akaniletea kikombe cha maji.

"Haya yamechemshwa?" nikamuuliza.

"Muulize mtoto."

Nikamgeukia mtoto.

"Hiyo ni siri, Baba."

Nikanywa. Hayakuwa na moshi.