Mashimo Thelathini ya Mama Usafi

Mama Usafi hakumwamini mtaalamu wa udongo tangu siku alipomwona akinusa udongo. Mtu mzima, kasoma mpaka nywele zimemtoka, anaokota bonge la udongo, analinusa, kisha anatabasamu peke yake! Huyu ana lake jambo, alijisemea.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mfagizi wa kituo cha misitu, na jina la utani alilipata kwa haki, maana sakafu yake ungeweza kuilalia. Mwaka huu mchimbaji wa udongo wa kupimwa alistaafu, naye akakabidhiwa sululu kwa majaribio. Alipanda mlimani, akachimba mashimo thelathini, akatia udongo kwenye mifuko yenye namba na kuiteremsha maabara. Huko walipima kaboni, ile ambayo miti huivuta kutoka hewani na kuishusha ardhini kwa majani na mizizi inayooza.

Majibu yakatoka mabaya. Kaboni ilikuwa nusu ya ile ya miaka mitano nyuma. Mkuu wa kituo akasema vipimo vya marudio vikitoka hivyohivyo Ijumaa, makao makuu yatasema miti ya zamani haishushi kaboni tena, na kuruhusu ikatwe, ipandwe ya kukua haraka. Kijito anachochotea maji Mama Usafi kinatoka msitu ule, na marehemu mumewe aliulinda maisha yake yote.

Mchawi angekuwa nani kama si mnusa udongo? Shemeji yake, dereva wa kituo, akatia chumvi: eti alimsikia mtaalamu akicheka kwenye simu na wafanyabiashara wa mbao. Alijuaje kuwa ni wao? Hakusema, na Mama Usafi hakuuliza, alikuwa ameshaamini.

Basi akamtegea. Aliporudi mlimani kuchimba upya, ndani ya kila mfuko alifukia uzi mwekundu wenye mafundo matatu. Udongo ukibadilishwa, uzi utapotea, na mwizi atajulikana. Jumatano akajitolea kupiga deki maabara wakati mifuko inamwagwa. Uzi wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka. Mpaka wa thelathini, mafundo yote yapo, naye kasimama na tambara linamchuruzikia miguuni, aibu imemjaa.

Mtaalamu alimuuliza kama nyuzi ni zake, naye akakiri. Jamaa akacheka bila furaha. Kumbe yeye pia alikuwa akimshuku! Udongo wake ulikuwa mwekundu mno, akadhani hapandi mlimani, anajaza mifuko nyuma ya ofisi. Jumatatu alimfuata kwa siri, akachoka njiani. Loo, watu wawili wazima wanaviziana kama paka!

Kesho yake wakapanda pamoja. Mtaalamu alionekana kuchanganyikiwa. Kule juu ni baridi, akaeleza, kwa hiyo majani huoza polepole; na udongo wa mfinyanzi huishika kaboni isipotee. Msitu huu ungepaswa kuwa tajiri.

Mama Usafi akainama kazini. Akaondoa majani makavu, na hapo hakukosea. Kisha akakwangua lile tabaka jeusi lililo chini yake, lenye vijizizi vyembamba, unene wa kiganja, akalitupa pembeni mpaka udongo mwekundu ukang'aa. Kwake kazi huanzia mahali pasafi.

Mtaalamu akachuchumaa, akazoa kile alichotupa.

"Mama, kaboni nyingi iko humu. Mashimo yote umefanya hivi?"

"Yote," alijibu. Hakuna aliyemwonyesha, naye aliogopa kuuliza, asije akarudishwa kwenye ndoo na ufagio.

Wakati wa kuteremka mtaalamu alimhurumia. Angeweza kuandika, akamwambia, kwamba udongo uliharibikia maabara, basi, yaishe. Mama Usafi alitamani kukubali, wallahi alitamani. Lakini nusu ya kila mfuko ilikuwa imehifadhiwa stoo. Mkuu angeagiza hiyo ipimwe, majibu yangekuwa yaleyale, na misumeno ingepanda mlimani.

"Andika ni mimi," alisema. "Andika nilivyofanya, mashimo yachimbwe upya, na sululu apewe mwingine."

Mtaalamu akatoa kalamu, akamuuliza jina lake kamili. Miezi mitatu walifanya kazi pamoja, hakuwahi kulijua. Mama Usafi akamtajia polepole, herufi kwa herufi, asije akakosea.