Mfupa Nilioutupa Mimi

Niliolewa kijijini Hirbadaw nikitokea Mbulu, na jambo la kwanza mama mkwe aliloniambia halikuhusu mume wala jiko. Aliniambia mbwa wake asipewe mfupa wa mbuzi. Mbwa huyo ndiye aliyezuia fisi wasiingie kwa ndama. Nikaitikia vizuri kabisa. Wiki ya tatu, mama mkwe akiwa mnadani, nilichemsha nyama ya mbuzi nikamtupia mbwa mfupa.

Sina cha kujitetea. Nilikuwa mgeni, nikataka angalau kiumbe kimoja pale nyumbani kinipende.

Mara mbwa akaanza kukohoa kikohozi kikavu, mate yanamchuruzika, anajikwaruza mdomo kwa makucha. Kwetu mtu akikwamwa na mfupa humeza tonge la ugali bila kutafuna, liusukume. Nikamsokomeza tonge. Hapo ndipo pumzi ilipoanza kumkatika, ulimi ukabadilika rangi. Upumbavu huo unaniuma hadi leo.

Bwana mifugo wetu alikuwa amepunguzwa kazini, siku hizo akiuza dawa huko huko mnadani. Nyumbani alibaki baba mkwe tu, amejilaza nyuma ya zizi. Na mke wa mtoto, katika boma lile, hamsogelei baba mkwe, hampi kitu mkononi, jina lake halitaji. Nilisimama mbali nikaita, "Baba." Nikaita tena huku nalia.

Alikuja akichechemea. Akambana mbwa katikati ya magoti, akamkazia kijiti cha kuni kwenye magego ili mdomo usifunge, akachokonoa ugali wangu kwa kidole. Mfupa ukaonekana, umekaa mshazari kooni. Vidole vyake vilikuwa vinene mno, havikuufikia.

"Leta mkono wako," alisema.

Nilisita. Mbwa alikuwa analegea.

"Usiusukume. Pita pembeni, uuvute."

Nikapiga magoti, kichwa changu karibu kimguse kifuani, nikapitisha vidole viwili kando ya vyake. Niliyaogopa meno, yeye nilimwogopa zaidi. Mfupa uliniteleza mara mbili. Mara ya tatu ukatoka na damu kidogo, mbwa akavuta pumzi, akatapika, akalala.

Baba mkwe aliuokota akautazama. Ulikuwa umechemshwa, na aliyepika siku ile nilikuwa mimi peke yangu. Akarudi nyuma ya zizi. Nilishinda mchana mzima nikingoja kurudishwa kwetu, nguo zangu nimeshazikunja.

Mama mkwe aliporudi aliiona damu mdomoni mwa mbwa. Akauliza ni nani aliyempa mfupa, macho yote kwangu. Nilifungua mdomo nikiri, baba mkwe akanitangulia.

"Nilimpa mimi."

Alisemwa mbele yangu mpaka giza likaingia, mzee mzima na heshima zake, ameinamisha kichwa kama mtoto. Kesho yake tukarudi kupishana kwa mbali kama desturi ilivyotaka. Nilimpikia miaka kumi na minne, na hadi tunamzika sikuwahi kumsogelea nikamwambia asante.